Mgeta, Soni au Njombe: tuhamie wapi mume akistaafu?

SWALI

Ndugu mshauri, salaam.

Tunaishi Kimara, Dar es Salaam. Mume wangu anafikisha miaka 60 Juni mwakani na anastaafu. Tumekubaliana tuondoke mjini, maana joto na foleni vimetuchosha. Ana kisukari, anachoma insulini mara mbili kwa siku, na miguu imeanza kufa ganzi. Mimi nina miaka 52, naandika mahesabu ya maduka matatu ya Kariakoo. Kazi karibu yote ni kompyuta na simu, ila kila mwisho wa mwezi lazima nifike dukani mwenyewe. Binti yetu anasoma chuo hapa hapa Dar na analala nyumbani. Mdogo wake mwakani anaingia kidato cha pili.

Tumepita sehemu tatu. Mgeta, wilaya ya Mvomero, tumeonyeshwa ekari mbili na nusu zinazoshuka hadi mtoni, sh. milioni 14. Tulikwenda Mei, kijani kila upande, mume wangu akasema hapa ndipo atakapozikwa. Anayeuza ni mzee mmoja, tulipelekwa na dalali. Dalali anasema maji ni ya bure maisha yote na sahihi ya mtendaji wa kijiji inatosha. Pa pili ni Soni, Lushoto. Hatukupata cha kununua, lakini kuna nyumba ya vyumba vitatu ya kupanga, sh. 120,000 kwa mwezi, ina umeme na iko karibu na lami. Pa tatu ni kijiji kimoja nje ya mji wa Njombe, kwa shangazi yake mume. Yeye yuko tayari kutupa ekari moja bure.

Mkupuo wa mafao tunautegemea uwe milioni 48, halafu kuna pensheni ya kila mwezi. Nyumba ya Kimara ni yetu. Mume anataka tuiuze ili tujenge nyumba kubwa kijijini, mimi nasita. Dalali anapiga simu kila jioni, anataka milioni 2 za kushikia kiwanja kabla ya Jumamosi kwa sababu eti kuna mteja wa Dodoma mwenye hela mkononi. Tuchague wapi, na tuanzie wapi?

Mama Neema, Kimara

JIBU

Mama Neema, milioni mbili zisitoke, si Jumamosi hii wala ijayo. Hela ya kushikia kiwanja ikishaingia mfukoni mwa dalali haina ulinzi. Ardhi si yake na kijiji hakijui kama mpo, kwa hiyo mambo yakivunjika mtamdai mtu mwenye namba ya simu tu. Mteja wa Dodoma yupo kwenye kila kiwanja nchi hii. Akinunua, anunue. Mgeta haiishi.

Maoni yetu kwa ufupi ni haya: pangeni Soni mwaka mmoja, nyumba ya Kimara isiuzwe, na Mgeta mrudi mwishoni mwa Oktoba mkaitazame tena kabla ya kuzungumza bei. Njombe tungeiweka kando. Tumefika hapo kwa kutazama vitu vitatu ambavyo familia yenu haiwezi kuvikwepa: insulini, safari yako ya kila mwezi ya Kariakoo, na mtihani wa kijana. Mahali pakishindwa kimojawapo, hata pawe pazuri vipi, mtarudi Kimara kabla ya mwaka kwisha, na hela imeshageuka msingi wa nyumba.

Tuanze na Mgeta, maana ndiko moyo wa mzee umekwama. Mlikwenda Mei. Mei ni mkia wa masika, hata Chalinze inakuwa kijani. Mgeta iko upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, unaopata mvua pungufu kuliko upande wa Matombo unaotazama bahari, na kiangazi chake kinaanza Juni hadi Oktoba. Nendeni mwisho wa Oktoba na ndoo ya lita 20. Ikingeni pale maji yanapodondokea, mpime kwa saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 40, mnapata lita 30 kwa dakika, yaani lita 1,800 kwa saa. Hapo kuna maji. Ikichukua dakika tano, ni lita 240 kwa saa, na kabla ya kufurahi ulizeni kaya ngapi zinachota hapo hapo.

Kisha pandeni juu ya mto, msiishie kwenye kiwanja. Mgeta ni nchi ya kabichi, karoti na viazi, na mboga hizo hupuliziwa dawa. Mabomba ya dawa yakisafishwa mtoni huko juu, ninyi wa chini ndio mnaokunywa. Kuchemsha maji kunaua vijidudu vya tumbo, lakini hakuondoi kiuatilifu. Wenyeji hunywa maji ya chemchemi iliyojengewa au ya bomba la kijiji, kwa hiyo swali la kumuuliza jirani ni la wazi: maji ya kunywa mnachota wapi mwezi wa kumi, na ni mwendo wa dakika ngapi? Na hayo maji ya bure maisha yote hayapo. Kuvuta maji ya mto kwa bomba au mashine ili kumwagilia kunataka kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, na kwa Mgeta ni bonde la Wami/Ruvu.

Kuna jambo la mto ambalo dalali hakulitaja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Pigeni hesabu. Ekari mbili na nusu ni kama mita za mraba 10,100. Kiwanja kikigusa mto kwa urefu wa mita 100, ukanda wa mita 60 unameza mita za mraba 6,000, karibu ekari moja na nusu. Kinachobaki cha kujenga na kulima kwa amani ni ekari moja. Milioni 14 ni bei ya ekari hiyo moja, na ndiyo mnayopaswa kuilinganisha na viwanja vingine.

Na hiyo ekari moja ni ya mteremko. Chukueni pimamaji ya mpira, ile ya mafundi yenye maji ndani, mpime mahali mnapotaka nyumba ikae. Kama kwa urefu wa mita 10 ardhi inashuka mita 3, msingi wa upande wa chini utapanda mita 3 za mawe na zege kabla hamjaiona sakafu. Njia nyingine ni kukata mlima, halafu ukuta wa nyuma unakaa unalowana kila masika, usipoachiwa nafasi ya mita mbili na mfereji wa kupitisha maji. Tazameni pia miti: ikiwa mashina yamepinda chini kisha yakanyooka juu, udongo unatembea polepole. Nyufa zilizojikunja kama mwezi mchanga, au sehemu iliyovimba chini ya mteremko na maji yanachuruzika, ni mahali pa kuacha kabisa. Hata vifaa kufika ni kazi. Lori likigoma kupanda kutokea Sangasanga wakati wa mvua, saruji inamaliza safari kwa pikipiki au vichwani, mfuko kwa mfuko, na kila mfuko unalipiwa.

Sasa umiliki, na hapa ndipo watu wa mjini wanapoumia zaidi. Waluguru kwa desturi hufuata ukoo wa mama, na mashamba mengi ya Uluguruni ni ya ukoo. Mzee anayewauzia anaweza kuwa amelilima shamba hilo miaka 40 bila kuwa na mamlaka ya kuliuza, kwa sababu ni la ukoo wa mkewe. Muulizeni kwa heshima: Mzee, shamba hili ni la ukoo gani, nawe ulilipata kwa nani? Akisema la mke wangu, au nilipewa na wajomba, basi mke, dada na kaka za mke, na mjomba mkubwa wa ukoo waje kukaa, wasikie bei na waweke sahihi. Akikwepa swali hilo, mmeshajibiwa.

Sahihi ya mtendaji haitoshi. Ardhi hiyo iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, na mwenye kauli ni halmashauri ya kijiji, chombo cha wajumbe 15 hadi 25. Mtendaji ni katibu wake tu. Mahakama zimeshatengua mauzo ya ardhi ya kijiji yaliyofanyika bila idhini ya halmashauri, hata mnunuzi alipokuwa na karatasi yenye mhuri. Mnachotaka kuona ni muhtasari wa kikao: tarehe, majina na sahihi za waliohudhuria, ukubwa na mipaka ya shamba, na maneno kwamba ninyi, ambao si wakazi wa kijiji, mmekubaliwa. Mipaka itembelewe kwa miguu mkiwa na mwenyekiti wa kitongoji na majirani wote mnaopakana nao, na pale jirani anaposema "hapana, huu mti ni wangu" msimame hapo hapo hadi yaishe. Muulize pia ofisi ya misitu, TFS, kama kiwanja hakigusi hifadhi ya Uluguru. Ushuru wowote wa kijiji uwe na stakabadhi. Fedha ya shamba ipite benki kwenda kwa mwenye shamba, na majina yenu wawili yaingie kwenye mkataba. Baada ya hapo ndipo mnaomba hati ya hakimiliki ya kimila.

Njombe ni baridi kweli. Juni na Julai kuna asubuhi majani yanakutwa meupe kwa sakitu, na mtu mwenye ganzi miguuni anasogea kwenye jiko la mkaa bila kusikia kwamba anaungua. Baridi hiyo hiyo huwafanya watu wafunge madirisha na kulala na jiko chumbani, na moshi wake usioonekana unaua. Lakini sababu yetu kubwa ni umbali: Njombe hadi Dar ni kama kilomita 700, na wewe unatakiwa Kariakoo kila mwisho wa mwezi. Fanya hesabu ya nauli, siku mbili za barabarani na siku za kupumzika, kisha uone kinachobaki kwenye malipo ya maduka matatu. Pale mvua ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, kwa hiyo maji ya kuvuna paani lazima yawafikishe miezi mitano au sita. Na ekari ya bure ya shangazi, kwa mapenzi yake yote, ina watoto wake nyuma yake. Bila muhtasari wa halmashauri na sahihi za binamu, zawadi hiyo itageuka kesi siku shangazi atakapofariki. Mngekuwa mnatafuta shamba la parachichi tungesema vingine.

Soni nayo haina sifa zote. Iko kama katikati ya Mombo na Lushoto, kwenye lami nyembamba yenye kona kali, na mvua ikizidi, mawe na udongo huporomoka barabarani na magari kusimama. Kwa hiyo insulini ya kuishia Ijumaa isingoje kufuatwa Alhamisi. Wekeni akiba ya angalau mwezi mzima mbele. Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandishia, maana insulini ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka. Iliyofunguliwa hudumu kama wiki nne nje ya friji pasipo joto kali, na hali ya hewa ya Soni hapo inasaidia kuliko ya Kimara. Umeme ukikatika siku nzima, msifungue friji ovyo, na muwe na chungu cha udongo kilicholoweshwa maji cha kuhifadhia insulini kwa dharura.

Kabla ya kulipa kodi, nendeni wenyewe hospitali ya wilaya Lushoto muulize mambo manne: aina ya insulini anayotumia wanayo, au wana ya aina nyingine, kliniki ya kisukari ni siku gani, bima yenu inapokelewa, na wanapima figo na macho au wanawapeleka kwingine. Zahanati ya jirani iulizwe pia, lakini msiitegemee kwa insulini. Halafu kuna jaribio ambalo wengi hawalifanyi: laleni Soni usiku mmoja, na mchana wake mtafute ni nani angewabeba saa nane usiku sukari ikishuka. Jina la mwenye gari, namba yake, anadai kiasi gani, na kama simu yake huwa hewani usiku. Usipompata wa kwanza na wa pili, nyumba hiyo haiwafai hata kwa bure.

Mtandao upimwe ndani ya chumba utakachofanyia kazi, saa mbili usiku, siyo barabarani mchana. Milima huficha minara, na nyumba mbili zilizoachana mita 100 zinaweza kupata huduma tofauti kabisa. Jaza vocha za mitandao miwili, piga simu ya video dakika 20, tuma faili la mahesabu lenye ukubwa uliozoea. Uliza pia mnara unabaki hewani umeme ukikatika.

Maji ya nyumba hiyo yaangalieni kabla ya sahihi. Muulizeni mpangaji aliyetoka, siyo mwenye nyumba, bomba linatoka siku ngapi kwa wiki mwezi wa tisa na mwezi wa pili. Kama ni la kusuasua, bati litawasaidia: kila milimita moja ya mvua kwenye paa la mita za mraba 80 ni lita 80, toa moja ya tano inayopotea, zinabaki 64. Mvua ya milimita 30 inaingiza zaidi ya lita 1,900. Watu wanne wakitumia lita 200 kwa siku, kiangazi cha miezi mitatu ni lita 18,000, yaani matangi mawili ya lita 10,000. Kwa nyumba ya kupanga, tangi moja la lita 5,000 linatosha kuziba siku ambazo bomba halitoki, na mnahama nalo. Likikaa juu ya udongo mtupu litainama, maana likijaa ni tani tano. Lijengewe jukwaa la mawe na zege. Maji ya mwanzo ya kila mvua baada ya jua kali yamwagwe nje, ndiyo yenye vumbi na kinyesi cha ndege.

Mkiona kona za Soni zinamtesa mzee, au safari ya Kariakoo inakuchosha, kuna chaguo la nne ambalo hamkulitaja: vijiji vya chini ya Uluguru upande wa Mlali na Mzumbe. Pana joto kuliko Mgeta, na mandhari hayapigi picha nzuri kiasi hicho, lakini hospitali ya rufaa ya mkoa iko Morogoro mjini, na tangu 2024 treni ya umeme inaunganisha Morogoro na Dar kwa muda wa kama saa mbili. Mgeta mtakuwa mnapanda kutembea.

Kuhusu Kimara, una haki ya kusita, tena sheria iko nyuma yako. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 nyumba ya familia haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Lakini lisiwe la kushindana. Mwonyeshe mzee kwamba nyumba ya Kimara ikipangishwa ndiyo pensheni ya pili, na ikiuzwa hamtaweza kuinunua tena kwa bei hiyo. Katika milioni 48, mwaka mzima wa kodi ya Soni ni milioni moja na laki nne na arobaini tu. Milioni 10 zikae mahali pa kuchukulika siku moja kwa ajili ya ugonjwa, na zinazobaki zifungiwe benki kwa muda maalumu wa miezi 12, ili dalali akipiga simu jibu liwe la kweli: hela haipo. Nyumba kubwa kijijini wageni wake ni wa Krismasi. Vyumba vitatu vinawatosha.

Ratiba ipangwe kwa kumtazama kijana. Kidato cha pili wanafanya upimaji wa taifa mwishoni mwa mwaka, na kumhamisha mwezi wa saba ni kumvurugia usajili na masomo. Abaki Kimara na dada yake hadi amalize. Ninyi wawili mwanze Soni Julai, wewe ukishuka Dar kila mwisho wa mwezi kuwaona na kufanya kazi yako. Fomu za uhamisho zianze kushughulikiwa Novemba, kwanza kwa kupata barua ya shule ya Lushoto kwamba nafasi ipo, ili Januari aanze kidato cha tatu huko. Hapo ndipo Kimara ipate mpangaji, na binti atafutiwe hosteli.

Mkataba wa Soni uandikwe miezi sita, unaoweza kuongezwa kwa kodi ile ile, na useme nani anatengeneza bati likivuja na kwamba tangi ni mali yenu. Samani za Kimara msizipandishe zote. Pelekeni vitanda, friji, meza yako ya kazi na mablanketi. Friji isafirishwe imesimama, na ikifika isubiri saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Insulini isiwekwe ndani yake kabla hamjapima ubaridi kwa kipimajoto usiku mzima.